Chupa ya Chai na Tangi la Gesi



Wengi wenu mnanijua kama yule bwana wa Ladywood ambaye haendi mkutanoni wala msibani bila chupa yake ya chai. Mmenitania vya kutosha, nami nimekubali. Leo nimeona si vibaya nikiieleza chupa hiyo, kwa sababu inafanana sana na kazi iliyonilisha hapa Birmingham kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwa sababu hivi karibuni mpwa wangu aliniuliza swali ambalo nilishindwa kulijibu kwa siku tatu nzima.

Swali lilikuja kwa simu, Jumapili asubuhi, maji ya chai yakiwa bado hayajachemka.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hujambo? Mama yako hajambo?"

"Hatujambo. Mjomba, nina jambo, lakini mama alisema nisikupigie bila yeye kuwapo. Yuko hapa anasikiliza."

Kijana huyu anaendesha lori la mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, mwaka wa sita sasa. Akanieleza kwamba kuna kampuni inatafuta madereva wachache wa kuwafundisha mapema kubeba gesi asilia ya kimiminika, ile ambayo kwa kifupi huitwa LNG. Mshahara unazidi anaoupata, na gharama za mafunzo ni juu yao. Lakini mama yake amekataa katakata. Tangu ajali ya Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la petroli lilipopinduka, watu wakakimbilia kuchota kwa madumu, moto ukalipuka na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha, dada yangu hapati usingizi mwanawe akiwa safarini. Na hiyo ilikuwa petroli, kitu anachokijua. Sasa gesi?

"Mjomba, mama amesema wewe ndiye injinia, uamue wewe. Hilo tangi ni salama?"

Nikasema nitapiga Jumatano.

Mnaozijua mila zetu mnafahamu uzito wa neno la mjomba. Na dada huyu kwangu si dada tu. Baba yetu alipofariki mimi nilikuwa kidato cha pili. Yeye ndiye aliyekaanga maandazi usiku na kuyauza asubuhi pale Lindi mjini mpaka nikamaliza shule, nikapata nafasi ya masomo, na mwaka 1994 nikaja huku kusomea uhandisi wa mitambo. Shahada yangu ipo ukutani hapa sebuleni, na kila nikiitazama nasikia harufu ya mafuta ya maandazi. Mtu kama huyo akikuuliza kama mwanawe atarudi nyumbani salama, humjibu kwa haraka.

Kwanza tuelewane gesi yenyewe ni kitu gani, maana wengi wakisikia gesi hufikiria mtungi wa jikoni. Ile ya mtungi ukiibana kwa presha ya kiasi inakuwa kimiminika hata katika joto la kawaida. Gesi asilia, ambayo sehemu yake kubwa ni methani, haikubali. Ibane utakavyo, katika joto la kawaida itabaki gesi. Dawa yake ni baridi. Ukiipoza hadi kama nyuzi 162 chini ya sifuri, kwa kipimo cha Selsiasi, inageuka kimiminika kiangavu kama maji ya kunywa, chepesi kiasi kwamba lita moja haifiki nusu kilo. Faida yake ni nafasi: gesi ambayo ingejaza vyumba 600 inaingia katika chumba kimoja. Lori la huku, ambalo kwa sheria halizidi tani 44 pamoja na mzigo wake, linaweza kubeba takriban tani 18 hadi 20 za gesi hiyo kwa safari moja.

Na kwa nini ibebwe barabarani? Kwa sababu bomba halifiki kila mahali. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ikafika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, yaani miaka 30 baadaye. Bomba la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilikamilika mwaka 2015. Kwetu Lindi, eneo la Likong'o, ndipo palipochaguliwa kujengwa mtambo mkubwa wa kusindika gesi ya bahari kuu. Makubaliano ya awali yalitiwa saini Juni 2022, na majadiliano yake yamekula miaka mingi. Lakini mtu wa Singida au Tabora asiye na bomba angoje nini? Ndiyo maana mitambo midogo ya kusindika, na malori ya kusambaza, inazungumzwa sana nyumbani.

Msidhani jambo hili ni la nchi maskini. Hapa hapa Uingereza ipo miji minne ya kaskazini na magharibi mwa Uskoti, nayo ni Wick, Thurso, Oban na Campbeltown, ambayo haimo katika mtandao mkuu wa mabomba ya gesi. Gesi yao hupelekwa kwa malori ikiwa kimiminika. Ikifika inapashwa joto, inarudi kuwa gesi, inaingia kwenye mabomba ya mji, na bibi kizee wa huko anawasha jiko lake bila kujua kwamba moto wake ulikuja kwa matairi. Malori hayo yaliwahi kupakia Avonmouth, karibu na Bristol, mpaka kituo kile kilipofungwa mwaka 2016. Siku hizi mahali pa kupakia ni Isle of Grain, Kent, ambako huduma ya malori ilianza mwaka 2015. Na anayetoka Avonmouth kwenda Uskoti hushika M5 kisha M6, akapita ubavuni mwa mji wetu huu. Wale mliokuwa hapa miaka hiyo huenda mliyapita njiani mkienda harusini Manchester, mkadhani ni magari ya maziwa.

Sasa tuje kwenye tangi lenyewe. Chukueni chupa yangu ya chai, ile ya kizamani. Nje ni bati, ndani ni kioo chenye kuta mbili, na kati ya kuta hizo hakuna kitu, hata hewa imenyonywa. Hapo pasipo na kitu ndipo tunapaita ombwe, na ndipo panapozuia joto lisipite. Aliyeibuni chupa ya namna hiyo ni Mskoti mmoja, James Dewar, mwaka 1892 huko London, wala hakuwa akifikiria chai. Alikuwa akitafuta chombo cha kuwekea gesi alizozipoza mpaka zikawa vimiminika. Kwa hiyo si tangi lililoiga chupa ya chai; chai ilikuja baadaye, ikapanga katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya gesi.

Tangi la barabarani ni chupa hiyo hiyo iliyolazwa juu ya tela. Tangi la ndani ni la chuma kisichoshika kutu. Lile la nje ni la chuma cha kawaida. Kati yake hewa hunyonywa, na hujazwa unga mwepesi wa mwamba wa volkano uliovimbishwa kwa moto, au hufungwa tabaka nyingi za karatasi nyembamba zinazong'aa. Lori halina friji. Baridi iliyopakiwa ndiyo hiyo hiyo ya kufika nayo. Joto kidogo litaingia tu, maana hakuna chupa inayotunza chai milele, kimiminika kidogo kitachemka, presha itapanda polepole, na tangi zima linaweza kuvumilia hivyo kwa siku kadhaa. Presha ikizidi kiwango, vali ya usalama hufunguka na kupumulia juu.

Mtauliza kwa nini chuma cha ndani kiwe cha aina yake. Chuma cha kawaida kikipata baridi kali namna hiyo kinakuwa kama kigae: ukikigonga hakibonyei, kinavunjika. Dunia ililijua hilo kwa gharama kubwa. Tarehe 20 Oktoba 1944, mjini Cleveland, Marekani, tangi kubwa la kuhifadhia gesi ya namna hii lilipasuka. Chuma chake kilikuwa na nikeli asilimia 3.5 tu, na wakati ule wa vita nikeli ilikuwa adimu. Gesi ilimwagika mitaani, ikaingia kwenye mifereji ya maji machafu, ikawaka, na watu wapatao 130 wakafa. Baadaye wahandisi wakahamia chuma chenye nikeli asilimia 9 kwa matangi makubwa, na kile kisichoshika kutu kwa mengine, ambavyo hata katika baridi hiyo havivunjiki ovyo. Kwa hiyo kuhusu chuma peke yake ningeweza kumjibu dada yangu Jumapili ile ile. Chuma tumekisoma.

Jioni ya Jumapili hiyo nilitoka kutembea kama ilivyo kawaida yangu, nikashuka mferejini, nikafuata maji mpaka Gas Street. Mnaopenda kupiga picha za harusi pale kwenye mashua za rangi mnapafahamu. Labda hamkujua kwamba jina lile si pambo. Mwanzoni mwa karne ya 19 mtaa ule ulikuwa na kiwanda cha gesi. Makaa ya mawe yaliokwa katika tanuri mpaka yakatoa gesi, gesi ikawasha taa za mji. Jengo moja la tanuri hizo, la mwaka 1822, limesimama mpaka leo, na siku hizi ni kanisa. Na kabla ya hapo, mwaka 1802, William Murdoch alikuwa ameshawasha taa za gesi kwenye kiwanda cha Soho, si mbali na hapa. Nilisimama darajani nikawaza: mji huu umeishi na gesi miaka mia mbili, na nadhani hakuna kizazi kilichokosa mama wa kuuliza swali la dada yangu.

Jumatatu nilirudia kusoma habari za ajali moja ninayoijua vizuri. Tarehe 22 Juni 2002, karibu na Tivissa, Katalunya, nchini Hispania, lori la gesi ya kimiminika lilipinduka, likashika moto, na baada ya kama dakika 20 tangi likalipuka. Dereva alikufa. Tangi lile halikuwa la kuta mbili. Lilikuwa la ukuta mmoja wa chuma kisichoshika kutu, limevikwa povu la plastiki, na povu mbele ya moto halina ujanja. Nikaandika kwenye karatasi: aulize tangi ni la kuta mbili au la povu. Jumanne nikaongeza mengine. Karatasi ikajaa, na bado nilikuwa sijajibu.

Sababu ni jambo moja ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote wa kwetu. Leo nalisema hapa, maana nimeshalisema kwa mwenye haki ya kulisikia kwanza.

Ilikuwa Januari 2003. Nilikuwa na miaka 33, nimeoa, mtoto wetu wa kwanza ana miezi minne. Baada ya chuo nilikuwa nimebeba maboksi miaka mitatu kama wengi wetu, na hatimaye nimepata kazi ya kile nilichokisomea, katika yadi moja ya malori nje kidogo ya mji. Kazi yangu ilikuwa kukagua matangi ya vimiminika vya baridi: oksijeni, naitrojeni, na machache ya gesi asilia. Mwezi ule niliagizwa kupima ombwe la kila tangi. Kwenye mwili wa tangi kuna mahali pa kupimia penye kifuniko. Unafungua, unaunganisha geji, unasoma, unaandika.

Tangi la mwisho kifuniko kilikataa kufunguka, kimeshikwa na kutu. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, giza limeshatanda, mnaijua Januari ya huku. Vidole vilikuwa havinisikii. Msimamizi alikuwa amesema mara mbili kwamba anataka fomu zote mezani kabla hajaondoka. Nikafungua jalada, nikaona namba ya mwaka uliotangulia. Ilikuwa namba nzuri. Nikainakili. Nikaongeza kidogo, ili isifanane kabisa na ile ya zamani. Nikatia sahihi, nikawahi basi.

Huko kuongeza kidogo ndiko kunakoniuma mpaka leo. Kunakili ningeweza kusema ni uchovu. Kuongeza kidogo kulihitaji akili, na akili hiyo ndiyo iliyosomeshwa kwa maandazi.

Siku tisa baadaye tangi lile lilipakiwa usiku, likalala yadi, liondoke alfajiri. Dereva wake alikuwa Mwingereza, mzaliwa wa hapa hapa Ladywood, miaka sitini kasoro. Alikuwa na desturi iliyotuchekesha vijana. Kabla ya kupanda kabini alivua glovu, akapitisha kiganja kwenye ubavu wa tangi, taratibu, kama mtu anayempapasa ng'ombe mgonjwa. Asubuhi ile alikuja ofisini akaniita nje. Chini ya tumbo la tangi palikuwa na doa la barafu, ukubwa wa sinia la pilau.

Nikamwambia ni baridi ya Januari. Hakubishana. Akanipeleka kwenye tangi la jirani, nalo limejaa, nalo limelala pale pale usiku ule ule. Lilikuwa kavu. Kisha akanionyesha geji ya presha: tangu usiku ilikuwa imepanda zaidi ya mara mbili. Ombwe lilikuwa limekufa. Chupa ilikuwa imevunjika ndani, na nje inang'aa. Wahenga walishasema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, mimi sikufungua.

Safari iliyokuwa mbele yake ilikuwa ya saa nyingi kwenye barabara kuu. Vali ingefunguka njiani. Labda pasingetokea kitu, gesi ingepanda ikapotea. Labda ingefunguka kwenye foleni, kando ya mtu anayewasha sigara. Mimi ni injinia na siwezi kuwaambia lipi lingetokea. Kipimo ambacho kingetuonya mapema ndicho hicho nilichokitunga.

Msimamizi akaja juu. Mteja anasubiri, fomu inasema tangi ni zima, na hii hapa sahihi ya injinia. Yule mzee akasema haendi. Akaambiwa atakatwa mshahara wa siku. Akasema akatwe. Akaketi juu ya kreti, akatoa chupa yake ya chai, akamimina, akanywa. Mimi nilisimama pembeni na sikusema neno. Mchana likaletwa tangi jingine, mzigo ukahamishwa. Lile bovu lilipofunguliwa, mafundi wakakuta ufa mwembamba kwenye kiungo cha bomba dogo linalopita kati ya kuta mbili, na fundi wa kulehemu akasema ufa ule si wa wiki hiyo.

Nilingoja mzee anitaje. Hakunitaja. Jioni alinikuta nanawa mikono, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ulipima?" Nikanyamaza. Basi akaniambia maneno ambayo nawatafsiria kadiri nilivyoyaelewa: "Siku nyingine usipopima, acha pale patupu. Patupu naweza kupasoma, nitajua niangalie mwenyewe. Ukiandika namba umenifumba macho, na mimi ndiye ninayesafiri nalo."

Alisema hayo tu, akaenda zake. Wala mimi sikwenda kwa msimamizi kukiri. Kibali changu cha kuishi nchini kilikuwa kimefungwa kwenye kazi ile, na mtoto alikuwa na miezi minne. Hiyo ni sababu, sisemi ni udhuru. Nilichofanya ni kwamba tangu siku ile sikuandika tena namba ambayo sikuisoma kwa macho yangu. Zipo fomu zangu nyingi zenye mapengo, na kwa ajili ya mapengo hayo nimegombezwa, nimecheleweshwa kupanda cheo, na mara moja nimebadilisha kazi. Mzee yule alipofariki nilikwenda mazishini. Jamaa zake wakaniuliza tulijuana vipi, nikasema tulifanya kazi pamoja. Nilipaswa kusema zaidi. Chupa ninayotembea nayo si yake, lakini mazoea haya ya kwenda nayo kila mahali niliyaanza kwa kumtazama yeye siku ile, ameketi juu ya kreti, akinywa chai huku wenye mali wakipiga kelele.

Jumatano nikapiga simu. Nikawaomba waweke sauti kubwa ili dada naye asikie, nikawahadithia yote kama nilivyowahadithia ninyi. Mpwa wangu hakusema kitu. Kisha nikamwambia: "Mwanangu, usiniulize kama tangi ni salama. Chuma ni kizuri, na likiwa la kuta mbili na limetunzwa, mimi mwenyewe ningelala kando yake. Nenda kawaulize wao. Tangi lenu ni la kuta mbili? Ombwe hupimwa lini, na nani? Omba uone fomu za mwaka mzima. Ukikuta haina pengo hata moja, hakuna 'haikupimwa', hakuna 'kifuniko kimekwama', hakuna mvua wala ugonjwa, jua fomu hiyo imejazwa mezani. Uliza utalala saa ngapi kati ya safari na safari. Na uliza hili kuliko yote: dereva akikataa kuondoka, hufanywa nini?"

Nikamweleza pia jambo ambalo watu wengi hawalijui. Gesi inayofika majumbani hutiwa harufu makusudi ili ikivuja watu wanuse. Hii ikiwa kimiminika haina harufu. Ikimwagika utaona wingu jeupe likitambaa chini, kwa kuwa gesi yenye baridi ile ni nzito kuliko hewa mpaka ipate joto ndipo inapanda. Anayekuja na dumu hatapata cha kuchota; kimiminika kile kikigusa ngozi kinaunguza kama moto, na wingu likikuta cheche linawaka. Watu wa kando ya barabara ya Morogoro wameshajifunza petroli kwa msiba. Hii nyingine wafundishwe kabla, wao na askari wa barabarani na zimamoto. "Waulize nani atawafundisha," nikasema. "Wewe utakuwa umefunzwa, lakini ajalini hutakuwa peke yako."

Kimya kikapita. Nikamsikia dada akivuta kiti.

"Kwa hiyo hukufukuzwa," akasema.

"Sikufukuzwa, dada."

"Mwaka ule ndio uliotuma hela nikaezeka nyumba."

"Ndiyo. Ni mshahara ule ule."

Akanyamaza tena, muda mrefu, mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Basi na aende akaulize. Wakimjibu vizuri, mimi sina neno. Wakikasirika kwa kuulizwa, atakuwa ameshajibiwa." Mimi na shahada yangu nilikuwa nimejaza karatasi nzima, na sikuwa nimefika hapo.

Kijana alikwenda. Kuhusu kuta mbili walimjibu vizuri, wakamwonyesha na michoro. Kuhusu kulala walimjibu. Kuhusu dereva anayekataa kuondoka walitazamana, mmoja akasema ni swali zuri. Kuhusu fomu, wamemwambia arudi wiki ijayo. Kwa hiyo mpaka ninapoandika haya bado anaipeleka petroli yake Tunduma, na mama yake bado anakesha.

Nayaandika haya kwa sababu vijana wetu kadhaa hapa mjini wanasomea leseni za malori makubwa, na wengine wako maghalani, mahospitalini na kwenye nyumba za wazee, na huko kote kuna fomu za kutia sahihi mwisho wa zamu. Sitawahubiria. Waswahili walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini ile ya kwangu imekuwa na urefu wa miaka mingi, na mwishoni mwake alikuwa amekaa dada yangu. Kama hukupima, acha patupu. Pana mtu atakayepasoma.

Tuonane kwenye mkutano ujao. Chai nitakuja nayo.